Ubao wa Majimbo Saba

Jumapili, tarehe 8

Kura zimepigwa. Mkoa wetu una majimbo saba: wabunge saba, ofisi saba, vibao saba vya mlangoni. Nani ataviandika? Mimi! Tangu kampeni ziishe sijaandika hata "Mbwa Mkali". Mpango: ubao mkubwa mbele ya karakana, matokeo ya mkoa mzima, herufi za kumsimamisha mbunge yeyote anayepita. Nimekata plaiwudi, nimeipaka nyeupe, nimepiga mistari kwa rula. Mama Pacha kashauri nitumie chaki. Nimemweleza kwamba chaki ni ya walimu. Mchora mabango hutumia rangi ya mafuta. Kasema haya, bwana.

Ng'ambo ya barabara, shemeji kinyozi (kaka yake Mama Pacha, sikumchagua mimi) ametundika televisheni juu ya kioo. Uchokozi mtupu.

Jumatatu, tarehe 9

Majimbo matatu yametangazwa. Nimeyaandika: bluu kwa mshindi, kijivu kwa aliyeshindwa. Saa nne, watu kumi na mmoja kwangu, wanne kwa shemeji. Raha iliyoje! Saa tano shemeji akaongeza sauti. Saa tano na robo kwangu kabaki mzee mmoja, naye alifuata kivuli. Shemeji akapaza sauti kutoka mlangoni kwake: eti habari zangu zimelala, nizipashe moto.

Inauma kwa sababu ni kweli. Televisheni itangaze kwanza, ndipo mimi niandike? Lazima niitangulie.

Jumanne, tarehe 10

Nimegundua kanuni! Nimepekua daftari la kazi. Washindi wote watatu waliagiza kwangu mabango makubwa kuliko wapinzani wao. Bango kubwa, kura nyingi. Ajabu wataalamu hawajaiona.

Majimbo manne yamebaki, likiwemo letu. Kwetu hakuna hata cha kupiga hesabu: Tajiri wa Saruji, bango la mita sita. Mpinzani wake, mkunga mstaafu, hakuagiza chochote. Alibandika karatasi kwenye mlango wa zahanati. Maskini.

Kufikia saa tatu nimeandika washindi wote wanne. AMESHINDA, mara nne, bluu. Watu arobaini! Shemeji mwenyewe alivuka barabara, nyuma yake mteja mwenye nusu ndevu. Kisha akaja Tajiri wa Saruji, suti na miwani. Akanikumbatia. Kaahidi nitaandika kibao cha ofisi na mabango kumi na sita ya barabarani. Kumi na sita! Mama Pacha kasema kimbelembele changu kitatuponza. Wivu huu ni wa ukoo.

Jumatano, tarehe 11

Majimbo matatu kati ya manne, nimepatia. Kanuni!

Letu walikuwa wakihesabu upya. Tajiri hakungoja. Alikwishasoma ubao wangu, basi akatoa msafara: magari tisa, tarumbeta, yeye kasimama juu ya pikapu akipungia hata mbuzi. Msafara ulipofika sokoni televisheni ikatangaza. Mkunga, kwa tofauti ya kura mia mbili na kumi na mbili.

Magari yalirudi kwangu polepole, bila tarumbeta. Tajiri akauliza ni nani aliyeniambia. Nikamwonyesha daftari. Akasema mabango yake kumi na sita yataandikwa na mtu yeyote mwenye mikono, ili mradi isiwe yangu.

Nikajaribu kufuta. Mafuta ya taa, tambara, msasa. Rangi haikutoka; ilisambaa. Jimbo letu sasa linawakilishwa na doa la bluu. Shemeji kaleta wateja kulitazama, na shuka zao shingoni. Akaniambia, "Pole, shemeji. Mimi nikikosea, nywele huota."

Sijala chakula cha mchana. Nimekula kidogo tu.

Alhamisi, tarehe 12

Mkunga kaja kwa miguu! Nikajificha nyuma ya mlango wa stoo. Nikamsikia akimwamkua Mama Pacha, akiwauliza wanangu pacha kama wanasoma vizuri. Yeye ndiye aliyewazalisha, siku ile nilipofika wodini na kibao cha kitanda chenye jina moja. Akaita, "Toka huko, mwanangu. Miguu yako inaonekana."

Nikatoka. Nikamwamkia. Hakutaja ubao, ila aliutazama sana, na mabega yakawa yanamtikisika. Kisha akasema ana ofisi inahitaji kibao. Maneno matano: Ofisi ya Mbunge. Karibuni Wote. Asiongezwe mtu, lisiongezwe neno. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akanitaka nirudie mbele ya Mama Pacha. Nikarudia. Akiridhika, vya majimbo mengine sita atawaombea wenzake waniletee.

Nimeponea chupuchupu! Kuanzia leo, mwanzo mpya.

Ijumaa, tarehe 13

Kibao kimekamilika. Maneno matano, herufi zimenyooka kama askari. Nimemwita Mama Pacha, kasifu, akaondoka.

Ila chini pamebaki nafasi. Nafasi tupu huharibu kibao, fundi yeyote atakuambia. Na redio imesema mawaziri watatangazwa Jumatatu. Nimepiga hesabu kwa utulivu: mkoa wetu haujawahi kukosa waziri; kati ya wabunge wetu saba, mmoja tu anajua kushika sindano. Hapo kuna shaka gani?

"Na Waziri wa Afya." Bluu. Imependeza mno.

Nimefunika kwa shuka hadi Jumatatu. Shemeji kauliza kuna nini humo. Nimemwambia aje aone, na wateja wake wote awalete.