Namna Nilivyomufundisha Godelieve Kuwa Mubembe

Siku ya tano, Ijumaa, tarehe 6 Septemba 1996. Baraka.
Nimepata mupango. Godelieve, tunasoma naye darasa moja, ni Munyamulenge, Mututsi wa kule milimani; sie ni Babembe. Shangazi Suzanne amemuficha hapa kwetu pamoja na mudogo wake Pulchérie. Kwenye bariere ya njia ya Mboko bavijana banashika kila muntu mwenye pua ndefu. Wakikushika, haurudi. Saleh, mutoto wa mwenye mashua, ametuma habari: atabavusha ziwa bote wawili mpaka Kigoma, bure. Kila muntu anamusifu Saleh. Nimekataa kwa niaba yao. Mi ndiye nitamupeleka Godelieve, kwa miguu, mpaka kwa nyanya yangu Mboko. Pulchérie atafuata.

Siku ya posho, tarehe 7.
Somo la kwanza: ndakala, dagaa za ziwa letu. Kwao hawali samaki, na pale bariere wanajua. Godelieve amekula tatu, akatapika ndani ya kofia yangu. Pulchérie, miaka tisa, amemaliza sahani nzima na kuomba ingine. Nimemufukuza, anavuruga somo.

Siku ya Mungu, tarehe 8.
Somo la pili: kitunga cha muhogo. Bamama ba kwetu banakibeba mugongoni, mukanda kwenye kipaji. Godelieve amezoea kubeba kichwani. Ameanguka mara ine. Shangazi akauliza kwa nini nisimuachie Saleh. Nikasema Saleh hana akili, ana mashua tu. Akasema mashua ndiyo tunatafuta. Ni mukubwa wangu, nikaenda kukaza mukanda wa kitunga.
Godelieve naye akasema amezaliwa Fizi hii hii, babu yake amezikwa hapa, sasa kwa nini mpaka abebe muhogo hivi ndipo ahesabiwe muntu. Nikamuambia ainamishe shingo kidogo.

Siku ya kwanza, tarehe 9.
Leo mi na Godelieve tumefika bariere; Casimir ndiye mukubwa wa pale. Mwaka jana tulikaa naye kiti kimoja masomoni, kabla Godelieve hajaingia darasa letu. Akamupa Godelieve ndakala, akala, hakutapika. Akatazama kitunga, akasema tupite. Pua yangu iko ndefu kuliko ya Godelieve. Hakuna aliyeniuliza.
Tulipita! Hatua kumi hivi.
Kando ya njia walifunga ng'ombe walizonyang'anya Banyamulenge kule juu milimani. Nilijua ziko pale, sikuwaza. Moja ikalia. Godelieve akasimama. Akaiita jina, polepole, namna baba yake anaiita. Ikaja mpaka kamba ilipoishia, ikamulamba mukono.
Casimir alitazama tu. Kisha akaniambia we rudi nyumbani.
Nikarudi. Nilikuwa nimebeba kitunga chake.

Siku ya pili, tarehe 10.
Shangazi hasemi na mi. Asubuhi ameenda bariere kuomba apewe maiti ya Godelieve. Nimelia mpaka macho yamevimba. Nilimupenda, sikumuambia.
Nimetafuta kosa liko wapi. Masomo yalikuwa mazuri. Kosa ni la ng'ombe.
Saleh amesimama mulangoni, anasema mashua inaondoka saa sita, amupe Pulchérie nafasi. Nimemuambia kwamba shangazi hayuko, na mutoto analala. Ameondoka akiangalia nyuma.
Pulchérie hakuwa analala. Ameuliza dada yake alifika Mboko saa ngapi. Nimesema mchana.
Safari hii nimefikiri kila kitu. Tutapita na Pulchérie siku ya tano, atafumba macho pale pa ng'ombe. Kitunga kinamufika magotini. Nitapunguza muhogo.