Vipande Arobaini vya Shuka

Jumamosi, 9 Machi
Nimefukua vipande ishirini vya shuka la pamba alilonipa Shangazi, nilivyokuwa nimevizika kwa mwezi mzima katika kiwanja cha kiwanda cha zamani cha betri. Vizima vyote! Nadharia yangu yasimama: madini ya risasi yameua vijidudu wa udongoni, basi hakuna wa kuila pamba. Udongo wenyewe mgumu kama tofali, mchachu, hauna harufu yoyote. Ijumaa Profesa atachagua mmoja wa kuendelea na utafiti wa kiwanja hicho: mimi, au mwenzangu ambaye maabara nzima humwita Bwana Mashine, kwa kuwa haamini kitu kisichochomekwa kwenye umeme. Yeye bado yuko kwenye foleni ya mashine ya kupimia pumzi ya udongo, yaani hewa wanayoitoa vijidudu wake. Mimi nina shuka. Nimefurahi, labda mapema mno.

Jumapili, 10 Machi
Mapema mno. Vipande ishirini vingine nilivizika katika bustani ya Shangazi, penye udongo mweusi, laini, wenye minyoo, ili vioze na kulinganishwa na vya kiwandani. Nimefukua kumi. Hata uzi haujalegea! Nimewaza kwa utulivu. Ama nadharia ina kasoro, ama bustani imekufa. Nikaona busara kumwonya Shangazi asile tena mboga zake. Akanijibu kwamba mboga hizo ndizo zilizokuza kichwa hiki kinachomtusi.

Jumatatu, 11 Machi
Huenda vijidudu wa bustani wana njaa tu. Vipande kumi vilivyobaki nimevimwagia maji ya sukari, kopo zima la Shangazi. Je, ni udanganyifu? Nimejishawishi kwamba ni kuuharakisha ukweli.

Jumanne, 12 Machi
Sisimizi. Mstari mmoja kutoka bustanini hadi kabatini. Shangazi hasemi nami. Vipande ni vizima, na sasa ni vitamu.

Jumatano, 13 Machi
Shangazi amefukua kipande kimoja mwenyewe, akataka maelezo. Nikamweleza kwa urefu: pamba, vijidudu, risasi. Akasikiliza mpaka mwisho, akachukua kiberiti, akawasha ncha ya kitambaa. Hakikuacha majivu. Kiliyeyuka, kikajikunja kuwa tone jeusi lenye harufu ya plastiki.

"Pamba gani, mwanangu? Hii nailoni. Ingekuwa pamba ningekupa wewe?"

Vijidudu hawali nailoni, wawe wazima au mahututi.

Ijumaa, 15 Machi
Nimesema ukweli mbele ya Profesa, kwa maneno mengi kuliko ulivyohitaji. Bwana Mashine akauliza, kwa upole, kama nina mpango wa kuzika na ndoo za plastiki pia. Kiwanja amepewa yeye. Profesa, kwa huruma iliyoniuma zaidi, ameniachia kona moja na mwezi mmoja, nirudie jaribio kwa pamba halisi.

Jumamosi, 16 Machi
Nimelitafakari kosa langu kwa kina. Lilikuwa kuchukua nguo kwa ndugu; ndugu hukupa asichokitaka. Leo nimekwenda sokoni, nikanunua shuka jipya. Muuzaji ameapa mara tatu kwamba ni pamba tupu. Kiberiti nilikuwa nacho mkobani, lakini kumwashia moto mtu aliyeapa hivyo, mbele ya wateja wake, ni utovu wa adabu. Vipande vyote arobaini vimekwisha kuzikwa. Shuka zuri ajabu: linang'aa, na hata ukilifumbata mkononi halikunjamani.