Nilivuka kwa Majaribio Tu

Jumatatu, Machi 3

Nimetukanwa na serikali, tena kwa maandishi. Tangazo limebandikwa ukutani pale posta: kuanzia mwezi huu, mgeni asiye na viza akiingia nchini kwa barabara ataruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka, siku thelathini kila mara. Mara mbili! Mwaka jana niliingia mara saba. Natoka asubuhi, nakunywa chai upande wa pili wa daraja, narudi na muhuri mpya kabla ya chakula cha mchana. Sikumkosea mtu. Binti yangu ameolewa huku, mimi ni mstaafu, nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Mipaka ya dunia hii nimeichora ubaoni kwa mkono wangu. Leo nahesabiwa kama vidonge!

Mwaka huu nimeingia mara moja, Februari 13. Siku zangu zinaisha Machi 14. Binti yangu anatarajia kujifungua tarehe 20. Mjukuu wangu wa kwanza. Lazima niwepo, hata iweje.

Mzee Risiti alisoma tangazo akatabasamu. Huyu ni baba yake mkwe wangu, mgeni hapa kama mimi. Tunalala chumba kimoja, kitanda cha ghorofa, yeye chini, mimi juu. Alikuwa mtunza stoo, na kila karatasi aliyopewa tangu azaliwe anayo kwenye mfuko wake wa plastiki. Ana viza ya mwaka mzima. Akaniambia ni fomu moja tu, niende nikajaze. Nikamjibu kwamba fomu ni za watu wasiojiamini.

Jumatano, Machi 5

Mpango upo. Tarehe 14 natoka, narudi siku hiyo hiyo, hiyo ndiyo mara ya pili, nakaa siku thelathini, mjukuu anazaliwa nikiwa mlangoni. Mkwe wangu alisema huo si mpango, ndiyo sheria yenyewe ilivyo. Vijana wa siku hizi hawajui kumsifu mtu.

Jambo moja linanikera. Itakuwaje tangazo likiwa na mtego? Katika miaka yangu yote sikuwahi kumwingiza mwanafunzi kwenye mtihani wa taifa bila mtihani wa majaribio. Hata mmoja! Kwa hiyo kesho nakwenda mpakani kufanya majaribio. Mzee Risiti aliacha kutafuna akanitazama. Wivu.

Alhamisi, Machi 6

Majaribio yamefaulu! Nimetoka saa tatu, nimerudi saa tano.

Dirisha la pili anakaa afisa mmoja wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, muhuri anaupiga kama anaua mende. Nimempa jina Mama Muhuri. Aligonga, akaniambia hii ni mara ya pili na ya mwisho kwa mwaka huu, nina ruhusa hadi Aprili 4. Nikamweleza kwa upole kwamba leo nimevuka kwa majaribio tu. Mara ya pili yenyewe itakuwa tarehe 14, hivyo naomba aufute huu. Akasema muhuri haufutwi. Nikamuuliza alisoma shule gani. Akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Nyumbani Mzee Risiti alicheka mpaka akashika ukuta. Binti yangu hakucheka. Alisema kumbe mambo yamekaa vizuri, Aprili 4 ni mbali, mtoto atakuwa ameshazaliwa, kwa hiyo nitulie na nisitoke tena. Nikamwambia sawa mwanangu. Mtu habishani na mjamzito.

Jumamosi, Machi 8

Nimemwandikia mkuu wa kituo cha mpakani. Kurasa tatu, pamoja na mchoro wa daraja. Nimemtaka afute muhuri wa tarehe 6 kwa kuwa ulikuwa wa majaribio. Nimempa siku tano, na nimeweka wazi kwamba akikaa kimya nitajua amekubali. Nilipokuwa makamu mkuu wa shule, hivyo ndivyo tulivyopitisha mambo yote.

Mzee Risiti aliomba nakala ya barua aihifadhi. Nikamnyima. Akaomba nakala ya pasipoti yangu, barua yangu ya pensheni na picha nne ndogo, eti huwezi kujua. Hizo nikampa ili aninyamazie.

Ijumaa, Machi 14

Siku tano zimepita, kimya. Amekubali! Maana yake muhuri wa majaribio haupo tena, na siku zangu halali zinaisha leo. Mimi si mtu wa kukaa nchi ya watu kinyume cha sheria. Nikawaambia nakwenda kununua gazeti. Nikapanda basi la mpakani.

Kutoka, hakuna shida. Chai nikanywa. Kurudi, Mama Muhuri akavaa miwani, akaweka ncha ya kalamu juu ya muhuri wa kwanza, kisha wa pili, kisha akanitazama. Nikamwambia asome barua. Akanyanyua kioo cha meza yake. Barua yangu ilikuwa chini yake! Alisema wameisoma wote wakati wa chai na mchoro umewapendeza sana, lakini jibu ni hapana. Kama ningebaki nilikokuwa, ningekaa salama hadi Aprili 4. Sasa niende ubalozi wao mdogo ulioko ng'ambo ya daraja nikaombe viza. Siku tano za kazi. Na wanataka barua ya mwenyeji, barua ya pensheni, picha. Ya pensheni na picha viko kwenye mfuko wa Mzee Risiti!

Naandika nikiwa nyumba ya wageni, upande wa pili wa daraja. Dirishani naona bendera ya kule na basi langu likiondoka bila mimi. Binti yangu alilia kwenye simu. Aliniuliza gazeti gani linauzwa nje ya nchi.

Jumatatu, Machi 17

Mkwe wangu amesema mzee wake anashughulikia karatasi, nivumilie. Nivumilie! Siku tatu zimebaki.

Leo lilifika basi la watalii wazee, wote wamevaa kofia za njano. Nikapata kofia ya njano. Nikavaa na miwani ya jua, nikajipanga katikati yao, nikashangaa daraja kwa sauti. Lakini Mama Muhuri hatazami kofia, anatazama pasipoti. Akaniuliza mbele ya watu wote kama Mwalimu leo anafanya majaribio mengine. Watalii wakacheka. Mmoja akanipiga picha.

Kofia ilikuwa ya mpishi wa nyumba ya wageni. Anaitaka.

Jumatano, Machi 19

Amezaliwa! Siku moja kabla ya tarehe. Msichana, kilo tatu na nusu, mama yake salama.

Na nani amempakata wa kwanza? Mzee Risiti! Mtu ambaye hawezi kutaja mito mitatu mikubwa ya dunia! Alinipigia mwenyewe, akaweka simu karibu na mdomo wa mtoto. Nikasikia analia. Nilitaka kumtukana yule mzee, badala yake nikamwomba asiiondoe simu. Nilikaa kitandani nimeshika simu hata baada ya kukatika.

Nimeumia. Naliandika hilo kama lilivyo. Kosa ni la mkuu wa kituo.

Jumamosi, Machi 22

Mzee Risiti amekuja darajani. Kumbe viza yake ni ya kuingia mara moja tu. Akitoka, imekufa, hata kama ana miezi mbele. Tangu Septemba hajatoka, yuko ndani kama kabati. Leo alisimama nyuma ya mstari mweupe, vidole vya miguu vimeukaribia kabisa, akanipungia mfuko wa plastiki. Mama Muhuri akatoka dirishani mwake, akauchukua, akavuka nao hadi kwangu. Kila kitu kimo, kimepangwa kwa tarehe. Hata fomu ameijaza, nimebakiziwa sahihi tu.

Nikampazia sauti kwamba kwenye fomu, pale penye kazi, nilikuwa mwalimu wa sekondari, si wa msingi kama alivyoandika. Akanijibu kwa sauti kwamba asante yangu ameipokea. Sikusema asante!

Jumanne, Aprili 1

Nimeingia. Viza ya mwaka mzima. Mama Muhuri aligonga taratibu, akaniambia hongera kwa mjukuu, sasa nikae.

Nimempakata. Ana paji langu la uso. Nililia mbele ya wote na sioni aibu. Binti yangu aliniegemea begani, akaniomba nimwahidi kwamba sitatoka tena bila kumuuliza mtu. Nikaahidi. Mzee Risiti amehamia kitanda cha juu, eti magoti yangu yamechoka. Mtoto akiwa mikononi mwake hulia muda wote. Kwangu hulala. Nimeliandika ili lijulikane.

Jumapili, Aprili 6

Nimeisoma viza yangu kwa makini. Wameandika kuingia mara moja, na nikitoka inakufa. Inakufa vipi? Nani amewahi kuona? Mzee Risiti hajajaribu, anaamini tu kila karatasi anayopewa. Je, siku moja likitokea la dharura nikalazimika kutoka? Nitaanza kujifunza siku hiyo? Sasa nina mjukuu. Mtu mwenye mjukuu hawezi kuishi kwa kubahatisha, lazima ajue mapema.

Basi la kwanza la kesho linaondoka saa mbili asubuhi. Nitarudi kabla ya chakula cha mchana. Nimewaambia nakwenda kununua gazeti.

Mzee Risiti hakuinua uso. Aliniomba tu nisisahau kumwachia picha nne ndogo mezani. Sijui anazitakia nini.