Bunduki ya Kwanza ya Haji Mursalin

Janas Khan hakuwahi kununua chai mjini Peshawar, na hakuwahi kukaa na kiu. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la duka moja la bunduki, anakunywa chai ya mwenye duka, masharubu yamepakwa mafuta na kizibao kina mifuko hadi mgongoni. Hapo gari dogo jekundu likasimama mlangoni.

Aliyeshuka ni Haji Mursalin, muuza lozi na zabibu kavu, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Binti yake ameolewa katika ukoo wa watu wa bunduki. Kila Ijumaa wakwe hao hulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa mtambo, na baridi ikiingia hupanda milimani kuwinda kware. Haji alikuwa amechoka kuwa mtu wa kushika birika wenzake wakipiga. Alitaka bunduki ya marisau, ile inayotawanya punje ndogo za risasi, ya kwanza maishani mwake, itakayofaa visahani na kware pia.

Wauzaji wakamvamia. Huyu alisema mitutu miwili ilale ubavu kwa ubavu, yule akasema mmoja ukae juu ya mwenzake. Wa tatu akasema achukue nzito isimpige bega, na mwenye duka akasema achukue nyepesi isimuue mlimani. Haji akatoka na maumivu ya kichwa. Janas hakuwa ametazama bunduki hata moja. Alikuwa ametazama gari jekundu, na alilipenda kama mtu anavyopenda mchumba. Akamfuata.

"Haji, samahani. Hawa wanakuuzia walicho nacho, si unachohitaji."

"Na wewe unauza nini, mwanangu?"

"Mimi siuzi. Mimi huwachagulia watu."

Akampima mkono kwa shali palepale barabarani, akamwekea fimbo begani, akamwambia alaze shavu na kuacha macho yote mawili wazi. Akamweleza kwamba kitako kisichomkaa mtu humfanya akose hata mlango wa msikiti, na kwamba bunduki hununuliwa kwa bega, si kwa jicho. Hayo yote yalikuwa kweli. Mwongo stadi ni kama muuza maziwa mwenye adabu, anajua maji yasizidi.

"Bunduki ya kwanza ni kama mke wa kwanza," alimalizia. "Unaweza kuoa wa pili, lakini wa kwanza ndiye anayejua ulivyokuwa mjinga."

Haji akacheka hadi tumbo likatikisika. Janas akamtajia, kwa sauti ya chini, bunduki ya Nawabu mmoja marehemu, mtawala wa zamani, ambayo haiuzwi kwa fedha. Labda kwa kubadilishana na kitu kidogo. Na gari, kwa mfano, ni kitu gani mbele ya Nawabu?

Bunduki hiyo ya Nawabu ilikuwa na umri wa siku tisa. Janas aliipata kwa kumpa fundi mmoja pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, na akamsisitizia mapambo yawe mengi. Fundi akaweka vichwa vya swala, maua na mwezi wa fedha, hadi bunduki ikafanana na bibi harusi. Alipomkabidhi alimwonya kwa uaminifu kwamba mtutu ni dhaifu, maana malipo yote yameishia kwenye mapambo. "Risasi kumi naziamini," alisema. "Ya kumi na moja apige adui yako."

Ili ya Nawabu ing'ae, Janas alihitaji ya kuiaibisha. Akaenda kwa Malik Darwesh, mwenye ardhi ambaye hasira yake ilijulikana katika mabonde matatu, akaazima bunduki yake ya Kitaliano, nyeusi, isiyo na pambo hata moja, kwa kisingizio cha kuipaka kitako mafuta. Malik alimpa kwa sharti moja, kwamba Ijumaa baada ya sala iwe imerudi.

Jumatano Janas alikaa chumbani akifungua risasi za kijani moja moja. Alimwaga marisau, akajaza pumba za ngano, akafunga tena kwa ustadi ambao angeutumia kwenye kazi halali angekuwa tajiri. Za kijani zikaenda mfuko wa kushoto, kwa ajili ya Mtaliano. Nyekundu, zilizo kamili, zikaenda mfuko wa kulia, kwa ajili ya Nawabu.

Alhamisi asubuhi walikutana kwenye mto mkavu nje ya mji. Haji alikuja na wafanyabiashara wanne wenzake, mikate, nyama ya kuchoma na mtambo wa kukodi. Janas alifurahi kuwaona, kwani aibu ya kubadili mawazo mbele ya watu imeuza vitu vingi kuliko ubora.

Haji akaanza na Mtaliano. Janas akampa risasi za kijani. Haji alizizungusha kiganjani kidogo, akatia, akapiga. Sahani ikapita salama. Akapiga tano, zikapita tano, na wenzake wakakohoa kwa heshima. Kisha akashika ya Nawabu kwa risasi nyekundu. Hizo nazo alizizungusha kiganjani. Katika tano alivunja tatu, na wafanyabiashara wakapiga makofi. Kila mmoja akataka kujaribu, na Janas, huku akihesabu moyoni, akaona sita, saba, nane, tisa. Hapo akaipokonya kwa tabasamu na kusema chuma cha kifalme hakichoshwi.

"Sasa hii nyeusi," Haji akauliza, "haina thamani kabisa?"

"Haji, hiyo ni ya kutishia kunguru."

"Ajabu. Mimi imenipendeza. Imenikaa begani."

Kwao mtu akisifu kitu chako, unaweka mkono kifuani na kumwambia ni chake. Naye hujibu kwamba kimekaa vizuri zaidi kwako, na kitu kinabaki kilipokuwa. Hivyo ndivyo watu waungwana wanavyoishi bila kufilisiana. Janas aliweka mkono kifuani bila kufikiri.

"Ni yako, Haji."

"Nimepokea," akasema Haji. "Mmesikia, ndugu zangu?"

Wanne wakaitikia kwamba wamesikia. Haji akachota risasi mbili nyekundu kutoka mfuko wa kulia wa Janas, akatia kwenye ile nyeusi, akaomba sahani mbili. Zote mbili zikawa vumbi. Kisha akaweka risasi ya kijani kwenye kiganja cha Janas na kumfunga vidole juu yake, taratibu.

"Miaka thelathini nauza lozi na maganda yake, mwanangu. Kila siku naletewa magunia yenye lozi tupu katikati. Ulidhani nazijua kwa macho?"

Janas akapauka. Ulimi, rafiki yake wa maisha, ukamponyoka, akajikuta anasema kweli: bunduki ile si yake, ni ya Malik Darwesh, na kesho anaidai.

"Basi mpelekee ya Nawabu," akasema Haji, akipanda gari lake jekundu. "Mwambie maneno yale yale. Mimi yalinikolea sana."

Janas alirudi mjini kwa miguu. Kukimbia hakukuwa na maana, maana Malik ana binamu hadi Karachi. Basi Ijumaa baada ya sala akaingia barazani kwa Malik, akaweka bunduki ya fedha kwenye zulia, na akasema kama asivyowahi kusema. Alieleza kwamba kitako cha ile nyeusi kilikuwa na ufa, na kwa kumheshimu Malik amemletea badala yake kitu cha Nawabu. Alitaja hata ndovu wa Nawabu. Nusura alie mwenyewe.

Malik Darwesh alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta bakuli la lozi, na kutoka chini ya mto aliouegemea akachomoa bunduki yake nyeusi.

"Haji Mursalin, mkwe wa mwanangu, kaniletea jana jioni," alisema. "Kesho nakwenda kumsaidia kuchagua yake, inayofanana na hii. Lakini zawadi yako imenigusa, Janas. Twende uani. Mtambo upo tayari, na kwetu mgeni ndiye huanza. Visahani ishirini, kwa risasi zangu."

Janas alihesabu upesi. Tisa zimekwisha. Akaomba maji ya kunywa, akatoka kuyafuata kisimani, na viatu vyake viwili bado viko mlangoni kwa Malik vikimsubiri.

Bunduki ya Nawabu imetundikwa ukutani barazani. Wageni wengi huisifu. Malik huweka mkono kifuani na kuwaambia ni yao, kisha huwasimulia alivyoipata, nao hujibu haraka kwamba imekaa vizuri zaidi hapo ilipo.