Sahani Ndogo ya Klachi

Gari lilikataa kupanda mlima. Injini ilipiga mayowe, magurudumu yakazembea, na kwenye kiti cha abiria Sukari akainamisha kichwa kama mtu aliye msibani. Moyoni alikuwa anacheza ngoma, maana aliyeliharibu ni yeye.

Lilikuwa gari la zamani, la aina inayotafutwa na wenye pesa zisizo na kazi. Lilitengenezwa kwa injini mbili, ndogo na kubwa. Giaboksi ni moja, kwa hiyo sahani ya klachi ya injini ndogo huingia kwenye kubwa bila ubishi, ila mlima ukija inateleza. Sukari, muuza spea mwenye ulimi laini, alikuwa nayo sahani ndogo iliyomdodea dukani. Akamuuzia mshona mapazia, mjane mwenye gari hilo, akiapa kwamba ni kubwa. Mjane akishakata tamaa, Sukari alichukue gari kwa bei ya chuma chakavu, alitengeneze, ampelekee daktari wa meno aliyekuwa akiiota injini kubwa hata mbele ya wagonjwa.

"Pole, dada yangu," alisema. "Hili limekufa."

"Limekufaje? Juzi lilikuwa linakimbia."

"Hata mgonjwa huamka akaomba chakula, kisha akaaga."

Mjane akajifuta jasho. "Ni la marehemu, kaka. Siuzi."

"Nani kasema uuze? Tubadilishane. Chukua pikapu yangu, ubebee mapazia. Mimi nitabaki na hili bovu, nilitunze kwa heshima yake." Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa ya kweli, Sukari alikuwa fundi kiasi hicho.

"Haya, tuandikishane," alisema mjane, upesi kidogo.

Sukari hakuusikia ule upesi. Alikuwa amefunua boneti, anakitazama kifuniko chekundu cha injini kubwa kwa macho ya bwana harusi.

Kesho yake akanunua sahani kubwa, mpya, halisi. Fundi wake akashusha giaboksi. Sahani ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Akachungulia pale klachi inapofungwa, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Bosi, hii injini ndogo. Kubwa ni kifuniko tu!"

Sukari akampigia mjane simu. "Umeniibia, mama!"

"Leo nimekuwa mama? Injini kubwa marehemu aliiuza zamani, akabakiza kifuniko kwa maringo. Nilikuja kwako kutafuta sahani ndogo. Sijafungua mdomo, ukanipa hiyo hiyo huku unaapa ni kubwa. Nikasema, huyu kaka ana lake jambo. Ngoja nimsikilize."

"Mbona mlimani iliteleza?"

"Nilikaza waya wa klachi, nione unataka nini. Nati moja tu. Ilegeze, litapanda hata ukuta. Na pikapu yako tamu, kaka, asante."

Nati ikalegezwa, sahani ndogo ikarudishwa mahali pake, gari likapanda. Lakini daktari wa meno alifunua boneti, akainama, akachungulia kama anayetafuta jino bovu, akalipata. Akaondoka bila kuaga.

Ikamgharimu Sukari pikapu moja inayotembea. Turubai lake, jipya. Sahani moja kubwa ambayo aliyemuuzia alikataa kuipokea tena. Mteja mmoja tajiri. Na fundi mmoja, ambaye kila akitumwa spana hucheka kwanza.