Malalamiko Kuhusu Gari la Fungate

Ndani ya boti, karibu na mji wa Chirk
Alhamisi asubuhi

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia nikiwa mke wa mwanao kwa siku tano sasa, na furaha niliyonayo haielezeki. Mume wangu Huw akishika usukani na upepo ukimchezea nywele, huwa nasahau hata jina langu la usichana. Ni kwa ajili ya furaha hiyo ninalazimika kulalamika rasmi kuhusu zawadi yako ya harusi, yaani gari la kukodi. Barua hii nitakukabidhi mkononi kwenye daraja lijalo, kwa kuwa najua utakuwepo.

Ulisema kukaa wiki nzima mferejini bila kutembelea chochote ni kuharibu fungate. Na kwa kuwa kampuni ya magari haiwakodishii vijana wa umri wetu, ukajitolea kuendesha wewe mwenyewe. Wema wa namna hii unatisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari lako lina mwendo usio na adabu. Sisi tunakwenda kama mtu anayetembea, na tukizipita boti zilizofungwa kandoni tunapunguza zaidi, kama ustaarabu wa mfereji unavyotaka. Jumatatu tulipitwa na bibi mmoja na mbwa wake kilema. Jumanne, baada ya siku tatu za safari, ukatupakia twende kuona bustani, na dakika ishirini baadaye tukawa tunapita mbele ya gati tulikoanzia. Yule mzee anayekodisha boti akatupungia mkono, akauliza kama ndoa imeshatuchosha. Mimi nilikuwa nimeamini kabisa kwamba tumeiacha dunia mbali.

2. Madaraja ya mfereji yana namba. Mwanao, ambaye nampenda kuliko pumzi yangu, hukutumia kila asubuhi namba ya daraja tutakalofikia. Kwa hiyo kila tukipinda kona, mikono tumeshikana, tunakukuta umeshaketi kwenye kiti chako cha kukunja, na chupa ya chai na keki ya zabibu kavu.

"Mmechelewa, wanangu. Nilidhani mmezama."

Naomba unieleze, Mama, wapenzi wawili wanamtorokaje mtu kwa boti kama hii?

3. Daraja la magari linaloinuliwa ili boti ipite. Jana nilipoliona gari lako likija, nilishuka haraka, nikazungusha mkono wa chuma mpaka daraja likasimama wima, nawe ukabaki ng'ambo na foleni nyuma yako. Badala ya kupiga honi kama binadamu wengine, ulifungua buti ukawagawia chai dereva wa trekta na mtu wa posta. Huw akapitisha boti, akaenda zake akiimba. Ndipo nilipokumbuka kwamba anayeliinua daraja ndiye anayebaki kulishusha. Nililishusha, ukavuka, ukanifungulia mlango wa mbele. Basi saa nzima ya fungate yangu nimeila garini na mama mkwe, mume wangu akiwa peke yake majini.

4. Maneno uliyoniambia humo garini. "Mimi na marehemu baba yake Huw tulikuja mfereji huu huu," ulisema. "Watu wakiniuliza niliona nini, sina la kusema. Nilikuwa namtazama yeye tu." Kisha ukaniuliza, taratibu, kama nitapenda kuiona ngome ya Chirk. Hayo si maneno ya kumwambia mtu ambaye ameshapanga kukasirika. Tangu jana keki yako hainishuki vizuri.

Kwa sababu hizo naomba gari lirudishwe leo, nawe urudi kwako Dolgellau, tuachiwe siku mbili zilizobaki. Hatuhitaji ngome wala bustani. Kivutio pekee ninachokitaka katika nchi hii kiko hapa nyuma yangu, kifua wazi, kinaunguza mayai.

Nisalimie wifi yangu Lowri, majirani zako wote na yule paka asiyenipenda. Huw anakusalimu sana, ingawa hajui ninachoandika.

Ni mimi mkweo mtiifu, mwenye furaha kupita kiasi,
Bethan

N.B. Sasa ni jioni. Mchana tulitoka kwenye handaki ambamo mfereji hupita chini ya kilima, darajani hukuwepo. Tukafunga boti tukangoja. Nimewauliza wapita njia kama wamemwona mama mwenye gari jekundu, wakanionea huruma. Simu yako haipatikani. Sasa hivi Huw ameniambia kwamba jana alikuomba kwa simu utuachie nafasi, eti kwa ajili yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane tumenuniana. Namtuma kwa miguu mpaka nyumba ya wageni unakolala, alete barua hii. Akifika usimsikilize. Mpakie garini mje nyote wawili, ngome inafunguliwa asubuhi. Na umuulize mwanao, nani alimwambia kwamba tunataka kuachwa peke yetu?