Oksijeni kwa Kadiri ya Cheo

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba hospitali yetu ndiyo ya kwanza duniani kugawa oksijeni kwa kufuata vyeo. Mfagizi alifunguliwa koki robo, karani nusu, na mkubwa alifunguliwa mpaka mtungi ukapiga mluzi. Mwongozo niliuandika mimi, Ofisa Itifaki. Mkurugenzi Mkuu akausaini huku akikohoa.

Alikuwa mkohozi wa miaka nenda rudi. Ugonjwa sugu wa mapafu, aliuvuta mwenyewe, sigara baada ya sigara. Jumatatu ukamkaba kikaoni: midomo rangi ya wino, mabega juu chini, kila neno linadai pumzi yake. Tukamkimbiza wodi ya dharura, tukamlaza kando ya mfagizi mwenye ugonjwa uleule, tukamfungulia hewa ya hadhi yake.

Mfagizi, kwa robo yake, akaanza kuulizia chai. Mkurugenzi akaanza kukoroma.

"Amepumzika," nikasema kwa fahari.

"Amepumzika nini!" Daktari akafoka. "Mapafu ya namna hii ukiyamwagia oksijeni nyingi, hewa chafu inajaa kwenye damu. Huyu anazama! Mpunguzie, apewe kama jirani yake, nimfungie mashine ya kumsaidia kupumua."

"Kama mfagizi? Labda ashushwe cheo kwanza, Daktari. Na anayeshusha vyeo hapa ni yeye mwenyewe."

"Basi mwamshe."

Nikamwita kwa vyeo vyake vyote, pamoja na vya heshima. Akazidi kukoroma.

Mkewe, aliyekuwa ameingia mbio wodini, akanikamata tai. "Wee baba, unataka kunifanya mjane kwa itifaki? Mshushe!"

Nikamshusha palepale, kwa sauti: ukurugenzi, umeneja, ukarani, hadi ufagizi. Koki nayo ikashuka ngazi kwa ngazi. Daktari akamfunga barakoa, mashine ikasukuma, na mchana mgonjwa akafumbua macho.

"Karibu kazini, mwenzangu," jirani akamwambia.

Mkurugenzi akanigeukia. "Cheo changu kiko wapi?"

"Kipo, mzee," Daktari akadakia. "Kinarudi pamoja na hewa yake."

Akautazama mtungi. Akanitazama mimi.

"Ufagio je, uko wapi?"

Habari zikavuja, kama kawaida ya siri za ofisi. Siku hizi hakuna mkubwa anayeletwa akihema akakubali kutaja cheo. Wodi imejaa wafagizi watupu, na huko nje hakuna hata pa kuegesha magari yao.